Subiri Kijiko Kilie

Mtaani wananiita Cherehani, na si kwa sababu nashona. Wapo mafundi wengine wanaoshona kunizidi na hakuna aliyewapa jina hilo. Mimi nimepewa kwa ajili ya mdomo. Mtu akianza kuniambia jambo, akifika katikati mimi nimeshafika mwisho, nimemjibu, na pengine nimeshamkasirikia. Mume wangu, ambaye ni mpole mpaka anaudhi, huwaambia rafiki zake kwamba siku ya kunichumbia alisema, "Nilikuwa nataka kukuuliza kama," nikamjibu ndiyo. Tumeishi miaka ishirini na miwili na mpaka leo hajaniambia alitaka kuuliza nini.

Basi, chuo cha ufundi kilichoko nyuma ya kituo cha mabasi kilitangaza nafasi ya mwalimu wa ushonaji. Nililisoma lile tangazo mara mbili. Nimeshona miaka ishirini katika chumba cha mbele cha nyumba yetu: sare za shule, mapazia, suti za maharusi, na gauni moja la mwimbaji ambalo sitaki hata kulikumbuka. Wasichana saba wamejifunzia kazi mguuni kwangu na wote saba sasa wana maduka yao. Kama kuna kitu nilichokitaka duniani baada ya watoto wangu kukua na kuondoka, ni kusimama mbele ya darasa nikiwa na chaki ya fundi mkononi, niwaonyeshe watu jinsi kola inavyokaa.

Kikwazo kilikuwa kimoja. Usaili ulifanywa kwa Kiingereza, kwa kuwa vitabu vya mashine na karatasi za mitindo vyote viko kwa Kiingereza. Ukishindwa unaruhusiwa kurudi baada ya miezi mitatu, ila mwisho mara tatu. Ya tatu ikikushinda, jina lako linakatwa na hurudi tena.

Nilikuwa nimeshashindwa mara mbili.

Mara ya kwanza mzee mmoja wa suti ya kijivu, ndiye aliyekuwa akiuliza maswali, aliniuliza kuhusu rangi ya kitambaa ambayo ni "fast". Hapo akatua kidogo. Mimi neno hilo nalijua, "fast" ni haraka, hata watoto wanalijua. Nikamwambia kwa kujiamini kwamba kazi nzuri haitaki haraka, rangi hiyo ipunguzwe mwendo. Nilitabasamu kabisa. Kumbe rangi ya namna hiyo ni ile isiyochuja, na mzee alikuwa anataka kujua naijaribuje kabla ya kukata nguo. Mimi, ambaye kila kitambaa chekundu nakiloweka kwenye maji ya chumvi kabla sijakigusa kwa mkasi!

Mara ya pili nilikwenda nimejiandaa. Mzee yule yule akaanza kuuliza kama ningempa mwanafunzi anayeanza kitu fulani "fine", akatua tena. Nikaruka: hapana, mimi sitozi faini, mimi namwita kwanza mama wa mtoto tuzungumze. Alikuwa anauliza habari ya sindano nyembamba.

Siku hiyo nilirudi nyumbani nikautupa mkoba juu ya meza ya kukatia.

"Kiingereza ni lugha ya matapeli," nilisema. "Neno moja linavaa nguo arobaini. Leo unalikuta limevaa suti, kesho limevaa kaptula, kesho kutwa halikusalimii."

Mama mkwe wangu alikuwa amekaa kwenye kiti chake dirishani. Ni mama mzazi wa mume wangu, ana miaka sabini na minane, na anaishi nasi katika chumba cha nyuma. Ujanani alikuwa opereta wa simu. Kwa miaka thelathini na mmoja kila simu iliyotoka mji huu kwenda kokote ilipita mikononi mwake: taa inawaka, anauliza unamtaka nani, anachomeka waya. Kiingereza anacho, tena kile kilichopigwa pasi. Lakini ana gubu, Mungu anisamehe. Anaweza kulalamikia kifuniko cha birika wiki nzima. Mimi na yeye tulikuwa paka na panya, na hakuna aliyejua nani ni paka.

"Kiingereza hakikukushinda," alisema. "Kilichokushinda ni"

"Ni nini, mama? Ni umri? Sema tu. Ni hii akili yangu ya sindano na uzi? Maana tangu nimeingia nyumba hii sijawahi kufanya jambo likakupendeza, hata chumvi, ikizidi ni mimi, ikipungua ni mimi."

Niliendelea hivyo kwa muda. Mume wangu akachukua pampu akasema anakwenda kuijaza baiskeli upepo. Baiskeli yetu haina gurudumu la mbele tangu mwaka juzi. Nilipotulia nivute pumzi, mama mkwe akasema kwa upole:

"Kilichokushinda ni hicho ulichofanya sasa hivi."

Nilinuna siku tatu. Siku ya nne, baada ya chakula cha mchana, nilimpelekea chai, nikakaa kwenye kigoda miguuni pake kama mwari.

"Haya, mama. Nifundishe."

Nilitegemea anisimange. Hakunisimanga. Aliniambia nilete glasi tupu na kijiko.

"Nilipoanza kazi nilikuwa na miaka ishirini," alisema, "na nilikuwa mwepesi kama wewe. Mji huu ulikuwa na watu kumi na tisa wenye jina moja, wote wana simu. Mmoja mkunga, mmoja seremala wa majeneza. Siku moja bwana mmoja akapiga anahema, akataja jina. Mimi sikungoja aseme anamtaka yupi. Nikachomeka waya. Mke wake alikuwa anajifungua, na aliyefika mlangoni ni seremala, futi shingoni."

"Mama, unanitania."

"Mtoto alizaliwa salama. Ila seremala alikuwa ameshampima bibi wa watu, aliyekuwa amelala tu usingizi wake kwenye kochi."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Yeye hakucheka, alikoroga chai yake.

"Tangu siku hiyo nikajua. Jina peke yake halikwambii kitu. Subiri wamalize kusema, maneno yanayofuata ndiyo yatakuonyesha mlango. Na haya maneno ya Kiingereza ni hivyo hivyo. Wewe unasikia jina tu, umeshachomeka."

"Lakini kwa nini wasiwe na neno moja kwa kitu kimoja, kama sisi?"

"Kama sisi?" Akaniangalia juu ya miwani. "Asubuhi ulipiga nini?"

"Nilipiga pasi."

"Ulipomaliza?"

"Nikapiga mswaki." Nikaanza kuona ninakopelekwa. "Nikapiga simu."

"Na jana ulipiga kelele, na juzi fundi viatu akakupiga picha, na Ijumaa mwanangu alipiga chafya mpaka paka akakimbia. Mbona hakuna aliyelazwa hospitali kwa kipigo? Wewe mwenyewe unaishi na hilo neno na halijawahi kukupoteza, kwa sababu kwa Kiswahili unasubiri."

Nikanyamaza. Si kawaida yangu, lakini nilinyamaza.

Kesho yake nilimtengenezea ubao wake wa simu, ule wa kuchomekea waya, kwa namna ninavyojua mimi. Nilichukua kipande cha pazia la bluu, nikashonea vifungo kwa safu. Kila safu neno moja, nikaliandika kwa chaki. Kila kifungo maana moja. Safu ya "run" ilimaliza kopo la vifungo: cha kwanza mtu anayekimbia, cha pili maji yanayotiririka bombani, cha tatu pua yenye mafua, cha nne mtu anayeendesha duka, cha tano rangi inayochuja, cha sita soksi ya nailoni inayofumuka, cha saba mwanasiasa anayegombea kiti, na bado mama mkwe alikuwa anahesabu vidole. Nikashika kamba yenye kitanzi. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza sentensi yake na kuning'iniza kitanzi kwenye kifungo kinachostahili. Lakini si kabla hajagonga glasi kwa kijiko. Kijiko kikilia ndipo sentensi imekwisha.

Alikuwa mkatili. Alisema kwa Kiingereza, "Dada yangu anarun," mkono wangu ukaenda wenyewe kwa mkimbiaji. Kijiko kimya. Akaongeza, "duka."

"Namba si sahihi," alisema. "Tunaanza upya."

Siku ya kwanza nilipata moja kati ya kumi na mbili, na hiyo moja ilikuwa bahati. Siku ya tatu nilikalia mikono yangu. Wateja waliokuwa wakisubiri nguo zao wakaanza kujazana mlangoni kuangalia, na fundi viatu wa jirani akaacha nyundo yake akaja kunisahihisha, yeye ambaye Kiingereza chake chote kiliandikwa kwenye makopo ya rangi ya viatu. Akawa ananishinda. Iliniuma hiyo, sitaficha.

Kwa kuwa mwalimu wangu alikuwa opereta, Kiingereza nilichokipata kilikuwa cha kiopereta. Kila alipotaka niseme, aliniambia, "Go ahead, caller," yaani endelea, wewe uliyepiga, na mimi nikawa namwambia hivyo hivyo kila nilipotaka yeye aendelee. Tulikuwa tunaambizana hivyo hata mezani, mmoja akiomba apewe sukari. Mume wangu aliacha kwenda kuijaza baiskeli upepo. Alikuwa anakaa pembeni anamenya machungwa, anatutazama kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake akaipenda.

Jambo la ajabu, kusubiri kukaanza kunifuata hata pale pasipo Kiingereza. Mteja wangu mmoja wa siku nyingi alileta sketi, akasema, "Naomba uniongezee hapa kiunoni." Zamani ningemwambia hapo hapo kwamba amenenepa, apunguze maandazi. Safari hii nikasubiri. Akainama, akaishika sketi yake, akasema, "Maana nina mimba ya miezi mitatu, na sijamwambia mtu, wewe ni wa kwanza." Tulikumbatiana pale pale na pini zangu zote zikamwagika. Miaka kumi alikuwa akitafuta mtoto. Nikafikiria ni mambo mangapi watu walitaka kuniambia katika chumba hiki, na nilikuwa nimeyakata kwa mkasi wangu mwenyewe.

Alasiri ya mwisho kabla ya usaili, mama mkwe alisema kwa Kiingereza, "Yeye anadraw." Neno hilo lilikuwa na safu yake: kuchora picha, kuteka maji kisimani, kutoka sare mpirani, kuchomoa uzi, kufunga pazia. Halafu akanywa chai. Akamsalimia mtu aliyekuwa akipita. Akaulizia hali ya mke wa mtu huyo na mguu wa mke wa mtu huyo. Jasho lilinitoka, lakini kitanzi kilibaki mkononi. Hatimaye akasema, "pazia," na kijiko kikalia, nami nikaning'iniza pale panapostahili.

"Umeunganishwa," alisema. Akacheka, kicheko kizima chenye meno yote aliyobakiwa nayo. Sikuwahi kumwona hivyo. Furaha iliyonijaa nilitaka kuipeleka sokoni niigawe.

Siku ya usaili nilivaa suti niliyoishona mwenyewe, na pini mbili nikazichoma upande wa ndani wa kola, kwa mazoea. Chumba kilikuwa kile kile: meza ndefu, mkuu wa chuo ambaye ni mama mrefu mwenye sauti nzito, na pembeni yake yule mzee wa suti ya kijivu. Mbele ya mzee palikuwa na faili, na juu ya faili niliona jina langu lina alama mbili nyekundu. Nafasi ya alama ya tatu ilikuwa wazi inanisubiri.

Maswali ya mkuu yalikwenda vizuri. Kisha mzee akakohoa. Akasema kwa Kiingereza, tuchukulie kwamba mwanafunzi anataka "draw".

Akanyamaza.

Alitazama dari. Alivua miwani. Ulimi wangu ulisogea mpaka kwenye meno. Majibu yote yalikuwa yamepanga foleni: karatasi na penseli ziko hapa, mfundishe kuchora kola, mfundishe kufunga pazia. Nilikandamiza magoti kwa mikono yote miwili. Saa ya ukutani iligonga na kugonga. Na mimi, ukimya wa Kiingereza unanipeleka mahali pamoja tu, kwenye kile kigoda miguuni pa mama mkwe. Mdomo ukafunguka wenyewe, kwa sauti ya mama mkwe wangu hasa, ile ya puani kidogo:

"Go ahead, caller."

Mkuu wa chuo akaangusha kalamu. Alijiziba mdomo kwa kiganja na mabega yakaanza kumtikisika. Nikajua nimekwisha, alama ya tatu hiyo. Mzee alinitazama muda mrefu. Kisha uso wake wote ukalegea, na akamaliza sentensi yake, neno moja moja, bila haraka: mwanafunzi anataka kuchomoa uzi mmoja kutoka kwenye kitambaa cha kitani, toka mwanzo mpaka mwisho, bila kuukata. Nitamfundishaje?

Nilimrudishia swali lake lote kwanza, kama opereta anavyotakiwa, nihakikishe ndilo. Akaitikia kwa kichwa. Basi nikaomba leso yake, maana niliiona imechungulia mfukoni na ilikuwa ya kitani safi. Nikachomoa pini kwenye kola. Kiingereza changu kilikuwa kinachechemea, lakini kilijua kinakokwenda: tafuta ncha, inua kwa pini, usivute, kisukume kitambaa kwa vidole kijikunje, uzi ukigoma uache upumue, kisha endelea. Uzi ukatoka mzima, mrefu kupita leso yenyewe ulivyonyooka, nikaulaza mezani mbele yao.

Kisha mzee akaongea Kiswahili kwa mara ya kwanza.

"Fundi, mimi nina kigugumizi tangu utotoni. Nimejifunza kukificha kwa kunyamaza katikati. Maisha yangu yote watu wananimalizia maneno. Wewe umenimalizia mara mbili, tena vibaya."

"Nisamehe, mzee wangu."

"Leo nimemaliza mwenyewe," alisema. Akaifunga faili bila kuandika kitu, akaikunja leso yake iliyopungua uzi, akairudisha mfukoni kwa uangalifu.

Mkuu wa chuo alikuwa bado anafuta machozi ya kicheko. "Jumatatu saa mbili," aliniambia. "Darasa lina watu thelathini na wawili. Na huyo caller, tafadhali, usimwache nyumbani."

Sikumbuki nilirudi vipi. Nadhani nilitembea, kwa sababu viatu vilikuwa na vumbi. Mama mkwe alikuwa dirishani, na chai yake ilikuwa imefanya utando juu, hajainywa. Mume wangu alisimama nyuma ya kiti chake, uso umempauka. Nilifungua kinywa, na mama mkwe akainua mkono.

"Kabla hujasema. Nina neno langu, nalo nimelikalia siku nyingi." Akavuta pumzi. "Mimi sikukutaka."

Akanyamaza.

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Miaka ishirini na miwili, na anachagua leo. Nilikuwa na majibu, tena mazuri, mengine nilikuwa nimeyatunza tangu siku ya harusi. Mume wangu akafumba macho. Lakini nilimtazama yule mama usoni, nikaona bado anatafuta maneno, kwamba sentensi ilikuwa haijafika, na nikabaki nimesimama mlangoni.

"Sikukutaka uje nyumba hii," aliendelea. "Nilimtafutia mwanangu msichana mtulivu. Asiye na kelele. Nilimwomba Mungu kabisa, kwa kufunga." Akatua tena, akaipapasa mikono yake iliyokunjamana. "Ningempata huyo, ningekuwa nimekaa hapa dirishani miaka yote hii sina wa kugombana naye, sina wa kucheka naye, nasikiliza saa. Mimi niliyezoea kusikia sauti za watu mchana kutwa. Ningekuwa nimeshakufa zamani, mwanangu. Mungu alininyima, na kila siku namshukuru kwa kuninyima."

Nilingoja, nione kama kuna zaidi.

"Basi," alisema. "Nimemaliza. Haya, umepata au hukupata?"

Ndipo nilipotambua kwamba yote hayo alikuwa ameyasema bila kujua kama nimepata au nimekosa. Nikapiga magoti nikaulaza uso wangu mapajani mwake, nikalia, nikacheka, nikamwambia nimepata. Kisha nikamsimulia yote tangu mlango wa chuo, pamoja na leso, na mpaka jua linazama hakunikatiza hata mara moja.